Twendeni Nyakazu Tukiwa Tumejipanga

Muulize mtu wa Kabonga, kwetu ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, alikofika katika maisha yake, na majibu yatakuja kwa njia ya maji. Kigoma amefika, Ujiji amefika, Uvira ana shangazi, Kalemie alipeleka mzigo, na wavuvi wa zamani watakutajia hadi Mpulungu kule Zambia. Sasa muulize kama amewahi kuona Nyakazu. Wengi watanyamaza, na wengine watauliza hiyo Nyakazu iko nchi gani. Iko Burundi. Iko Rutana, na tangu mikoa ya zamani ipunguzwe ikawa 5 mwaka 2025, sisi wa Nyanza-Lac na Rumonge tumo katika mkoa mmoja na watu wa Rutana, mkoa wa Burunga. Korongo mashuhuri kuliko yote nchini liko mkoani kwetu, na sisi wa ukingo wa ziwa hatulijui.

Jambo hilo linaniuma. Wageni kutoka Ulaya hufika Bujumbura, wakaweka Nyakazu kwenye ratiba yao kabla hata ya kulala usiku wa kwanza, wakakodi gari na kwenda. Mtoto aliyezaliwa Kabonga anamaliza shule akiwa amesoma habari za Bonde la Ufa kwenye daftari tu, wala hajapelekwa hata siku moja mahali anapoweza kuona ardhi iliyopasuka kwa macho yake.

Kwa asiyejua, Nyakazu ni mahali ambapo nyanda za juu za Rutana hukatika ghafla. Unatembea juu ya ardhi ya kawaida, nyasi, mawe na vichaka, kisha ardhi inaisha mbele ya miguu yako. Kuna ufa mrefu ulioingia ndani ya genge, kuta zake zimesimama wima, na ukitazama kupita mdomo wa ufa huo unaiona Kumoso: tambarare iliyolala kuelekea mashariki, mashamba na vijiji, hadi mto Malagarazi na Tanzania ng'ambo yake. Upepo wa pale ukingoni hauishi. Wengi hupaita Ufa wa Wajerumani, kwa kuwa nchi yetu ilipokuwa sehemu ya koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, askari wao walikuwa na kituo hapo juu. Katika Rutana hiyohiyo kuna maporomoko ya Karera, ambapo maji hugawanyika katika matawi kadhaa na kuteremka kwa ngazi ndani ya hifadhi ya hekta 142. Mwaka 2007 serikali iliyaandikisha maeneo hayo mawili kwa pamoja katika orodha ya awali ya UNESCO, yaani orodha ya mahali ambapo nchi inakusudia kupaombea hadhi ya Urithi wa Dunia. Bado yamo kwenye orodha ya kungoja.

Ninachotaka kusema ni kwamba watu wa pwani ya ziwa twende Nyakazu, na twende kwa mpango ulioandikwa, wenye siku ya kwenda na saa ya kurudi. Neno mpango nalisisitiza kwa sababu ya historia yetu.

Sisi barabara za nchi hii tumezifahamu kwa kukimbia. Tarehe 29 Aprili 1972 machafuko yalianzia huku kwetu, Rumonge na Nyanza-Lac, watu wakauawa, kisha kisasi cha dola kikazagaa nchi nzima na kuua watu wengi zaidi. Waliookoka walipanda milima au mitumbwi, na wengi wao wakazeekea Ulyankulu, Katumba na Mishamo huko Tanzania. Mwaka 1993 watu walikimbia tena. Mwaka 2015 tulivuka mpaka kwa makumi ya maelfu hadi Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kilicho jirani na Kabonga, tukarundikana ufukweni chini ya mlima, kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba ikawa inabeba watu kwa mamia kuwapeleka Kigoma. Watoto wetu walijifunza jiografia kwa namna hiyo. Mtu aliyekulia katika hali hiyo akiona gari linapakiwa mizigo alfajiri, hasemi "tunakwenda kutembea". Anahesabu watoto.

Nilimuuliza bibi mmoja anayeanika ndagala ufukweni kwetu kama angependa kwenda Nyakazu tukipata gari. Alikuwa ameinama, anageuza samaki kwa kiganja, anaokota vijiti na vipande vya magamba ya konokono na kuvitupa pembeni. Hakuinua kichwa. "Mwanangu," akasema, "mimi nikiona watu wengi kwenye gari na vifurushi, moyo wangu unarudi Kagunga." Akaendelea na kazi yake. Baadaye kidogo akauliza: "Na huko mtu analala wapi? Tunarudi lini?"

Nikamwambia, bibi, tunarudi Jumapili jioni. Akanyanyuka, akajinyoosha mgongo, akasema kama ni hivyo basi nimwandike.

Kwa hiyo tupange. Kwanza ni majira. Mvua zetu huanza kama Septemba au Oktoba na kuendelea hadi Mei, na kiangazi kamili ni Juni, Julai na Agosti. Wengi watasema nendeni Agosti, barabara ni kavu. Mimi sikubaliani. Kufika Agosti vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa huwa vimetanda juu ya Kumoso, na mtu anaweza kusimama ukingoni asione mbali. Maporomoko ya Karera nayo huwa yamepungua. Wakati mzuri ni kuanzia mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni: mvua zimekwisha au zinakwisha, hewa imeoshwa, maji bado yapo, na njia ya udongo imeanza kushika. Kwa wenye watoto wa shule, siku za karibu na sikukuu ya Uhuru, tarehe 1 Julai, ni chaguo la pili lisilo baya.

Mvua ndiyo isiyo na mzaha katika korongo lolote. Pale Hell's Gate karibu na Naivasha, Kenya, mwezi Aprili 2012 vijana 7 wa kundi la kanisa walikufa baada ya maji kufurika ghafla ndani ya korongo, na Septemba 2019 maji yaliua watalii tena palepale. Mvua yenyewe inaweza kunyesha mbali, juu ya vilima usivyoviona, na wewe uliye chini ukawa bado umesimama kwenye jua. Kuta zikiwa wima hakuna pa kukimbilia. Hivyo kama wingu limefunga upande wa milimani, kundi libaki juu, litazame kutoka juu, na mwenye kulalamika alalamike. Watoto hawateremki bila mtu wa eneo hilo anayejua njia.

Pili ni siku yenyewe. Jumamosi asubuhi ni kazi za maendeleo, na magari hayatembei ovyo mpaka kazi ziishe. Anayepanga kuondoka Kabonga alfajiri ya Jumamosi atakwama njiani. Afadhali kufanya kazi pamoja na wenzetu hapa hapa, kisha kuondoka adhuhuri, kulala Makamba au Rutana ambako kuna nyumba za wageni, na kuamkia Nyakazu Jumapili mapema wakati jua bado liko upande wa Kumoso na kuta za genge zinapata mwanga. Wakristo watakaotaka kusali watasali misa ya asubuhi huko huko, Waislamu watabeba mikeka yao. Saa 8 mchana gari lianze kurudi, hata kama kuna anayetaka picha moja zaidi. Saa hiyo iandikwe kwenye karatasi na kila aliye nyumbani aijue.

Tatu ni mafuta, na hapa ndipo safari nyingi za nchi hii zimevunjikia katika miaka hii ya karibuni. Mafuta yamekuwa adimu, foleni zimekuwa ndefu, na bei ya magendo inajulikana. Usimlipe dereva hela yote kwa ahadi. Aoneshe mafuta ya kwenda na kurudi kabla ya siku ya safari, yakiwa kwenye tangi. Ninajua desturi ya kubeba bidoni la petroli nyuma ya Probox, chini ya miguu ya abiria au kando ya mtoto. Tumeizoea, na ni hatari ya moto inayotembea. Kama safari haiwezekani bila bidoni ndani ya gari lenye watu, safari iahirishwe. Watu 12 hadi 15 kwenye Hiace nzima yenye breki zilizokaguliwa ni salama kuliko Probox mbili zilizojazwa watu mpaka kwenye buti, kwa kuwa kutoka Nyanza-Lac ni kupanda mlima, na kurudi ni kuteremka mlima huohuo jioni watu wakiwa wamechoka.

Ule mlima usipitwe hivihivi. Ningeomba kila kundi lipange kusimama huko juu, kabla ya kufika Makamba, na kugeuka nyuma. Ziwa lote liko chini yako, milima ya Kongo imesimama ng'ambo, na ukiwa na mwalimu katika kundi hapo ndipo afungue mdomo. Maana sisi wa Kabonga tunakwenda kutafuta korongo wakati tumelala miaka yote pembeni mwa korongo kubwa kuliko lile la Marekani, Grand Canyon, ambalo watu karibu milioni 5 huenda kulitazama kila mwaka. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kina chake kikubwa, upande wa kusini, ni mita 1,470, na upande wetu wa kaskazini kinafika takriban mita 1,310. Fanya hesabu: sakafu ya ziwa iko mamia ya mita chini ya usawa wa bahari. Ziwa lina urefu wa kilomita 670 hivi, na Grand Canyon ni kilomita 446. Maji yangetoka, mvuvi wetu angejikuta amesimama kwenye ukingo wa bonde ambalo asingeweza kuona chini yake. Ardhi ya Afrika inaachana polepole hapa, upande wa mashariki na upande wa magharibi, na kazi hiyo imeendelea kwa mamilioni ya miaka na haijakoma. Mtoto anayeelewa hilo akiwa amesimama pale juu, upepo ukimpiga, hatahitaji kukariri.

Makamba ni baridi kwa watu wa ziwani. Nalisema kwa sababu nimeona wazee wetu wakitetemeka usiku kwa kanga moja. Kila mtu abebe sweta na blanketi jepesi. Chakula tubebe cha kwetu: ubuswage wa muhogo uliofungwa kwenye majani ya mgomba unakaa bila kuharibika, ndagala wakavu waliokaangwa kwa mawese, mayai, ndizi, na maji ya kutosha yaliyochemshwa. Samaki mukeke wa kuchoma ataliwa siku ya kwanza tu. Lakini tusibebe kila kitu, na sababu yake nitaieleza. Karangamuntu, yaani kitambulisho, isisahaulike, kwa kuwa vizuizi njiani vipo. Viatu viwe vyenye soli inayoshika, si kandambili. Dawa za presha na kisukari za wazee ziwe mkononi, si kwenye mzigo uliofungwa juu ya gari.

Kutoka Makamba unaingia Kumoso kwa upande wa Gihofi, kwenye mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha SOSUMO, au unazunguka kwa Rutana mjini. Nionavyo, mwenye nafasi aende kwa njia moja na arudi kwa nyingine. Kumoso ni Burundi nyingine kabisa kwa mtu wa ziwani: joto lipo kama letu, lakini hakuna maji mbele ya macho, na milima iko upande usiouzoea. Halafu kuna jambo moja kuhusu maji ya Kumoso ambalo kila mtu wa pwani angepaswa kulijua. Mto Malagarazi huanzia katika milima ya kusini mwa nchi yetu, karibu na ziwa letu. Badala ya kuteremka kwetu, unageukia kaskazini-mashariki, unakuwa mpaka wetu na Tanzania, unapokea mito ya Kumoso, kisha unazunguka ndani ya Tanzania, unapita katika maeneo makubwa ya majimaji, na mwisho unarudi magharibi na kumwagika Ziwa Tanganyika kusini ya Kigoma. Mvua inayonyesha juu ya tambarare ile unayoitazama kutoka Nyakazu hutufikia ziwani baada ya mzunguko huo wote. Wakichoma misitu kule na udongo ukaporomoka, tope hilo ni letu. Ziwa lilipopanda miaka iliyopita, hadi kufikia 2024 nyumba za Kibenga mjini Rumonge zikiwa ndani ya maji, wengi walilitazama ziwa tu. Ziwa linajazwa na nchi kavu, na sehemu ya nchi hiyo iko mbele ya Nyakazu.

Historia nayo inastahili kusimuliwa pale juu, na isimuliwe vizuri. Kwa kawaida mgeni huambiwa habari za Wajerumani, basi. Walikuwepo, ni kweli, na walichagua mahali penye kuona mbali. Mwezi Juni 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia Gitega, na utawala wa Kijerumani katika nchi yetu ukaisha. Mwezi uliofuata, Wajerumani wakiondoka Kigoma, waliizamisha meli yao ya Graf von Götzen ili isichukuliwe. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande na kuungwa Kigoma. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na tangu 1927 imeitwa Liemba: ileile iliyobeba watu wetu kutoka Kagunga 2015. Hapo habari za Nyakazu na habari za Kabonga zinakutana katika meli moja. Ila msimulizi asiishie kwa maofisa na meli. Vita vile, upande huu wa Afrika, vilibebwa na wapagazi. Maelfu kwa maelfu ya watu wa maeneo haya walilazimishwa kubeba risasi, unga na vipande vya mizinga kwa jeshi hili na jeshi lile, wakafa kwa njaa na maradhi njiani, na makaburi yao hayana alama. Mtoto akisimama pale na akauliza nani alipandisha mawe na mizigo kileleni, apewe jibu.

Sasa nije kwenye hela. Nilisema tusibebe kila kitu kutoka Kabonga. Kundi la watu 15 likifika Nyakazu na vyakula vyake, maji yake, na kiongozi wake wa kutoka mjini, likapiga picha na kuondoka, watu wa Nyakazu wamepata nini? Vumbi la gari. Kiongozi achukuliwe palepale, kijana wa kijiji anayejua kila jiwe, na alipwe malipo yaliyokubaliwa kabla ya kuanza kutembea. Ndizi zinunuliwe pale. Asali ya Kumoso inunuliwe pale. Ada ya kiingilio ilipwe kwa wahusika wa hifadhi na kila mmoja adai risiti, kwa kuwa kiingilio kisicho na risiti hakiwezi kurudi kutengeneza njia. Kabla ya safari, kiongozi wa kundi aende tarafani na aulize OBPE, ofisi ya serikali inayosimamia hifadhi za mazingira, kuhusu ada na utaratibu. Asitegemee maneno ya dereva.

Na serikali nayo ina deni. Mahali palipopelekwa UNESCO tangu 2007 panastahili kibao cha barabarani chenye Kirundi na Kiswahili, si Kifaransa peke yake. Panastahili uzio sehemu zile ambapo watu husogea kutazama chini, vyoo, na kivuli cha mzee kupumzikia. Ada ya raia iwe ndogo kiasi kwamba mwalimu mwenye wanafunzi 40 asifikirie mara mbili, na wanafunzi waliovaa sare waingie bure. Hivi si vitu vya mabilioni. Fundi wa mjini Rutana anaweza kuvijenga. Ninaomba pia vitabu vya jiografia vya shule za pwani viwe na Nyakazu na Malagarazi kwa majina, pamoja na picha.

Najua atakayesema: watu hawana mafuta ya gari wala ya taa, sukari ni ya kutafuta, nyumba zimeingiliwa na maji, wewe unawaambia waende kuangalia mawe. Nimelifikiria neno hilo kwa uzito, kwa sababu anayelisema mara nyingi ana njaa kweli. Sitamwambia mtu auze nyavu zake aende Nyakazu. Lakini ninaona michango ya harusi tunayotozwa kila mwezi, sare za sherehe zinazovaliwa mara moja, na magari ya kukodi yanayokwenda kumpokea mtu mmoja uwanja wa ndege Bujumbura yakiwa na watu 20. Hela hizo zinatoka kwenye mifuko hiyohiyo ya watu maskini, na zinatoka kwa kuwa tumeamua kwamba mambo hayo yana thamani. Kina mama wa upatu wakiweka kiasi kidogo kila wiki kuanzia Septemba, kufika Juni safari ya watu 15 imelipwa bila mkopo. Wavuvi wana siku za mbalamwezi ambapo ndagala hawavuliki vizuri na vyombo vinapumzika ufukweni. Hizo ndizo siku zao. Tukitazama kalenda ya mwezi kabla ya kuchagua tarehe, hakuna anayepoteza usiku wa kazi.

Wapo pia wanaosema safari za namna hii ni za Wazungu. Hili silikubali hata kidogo. Mwenye nyumba asiyekijua chumba cha ndani anamwachia mgeni funguo. Ardhi ikianza kupimwa, hoteli ikianza kujengwa, mkataba wa madini ukisainiwa kule Musongati, Rutana, watakaoitwa kutoa maoni ni wale waliowahi kufika na kuonekana. Sisi wa pwani tumepoteza mashamba mengi kwa sababu hatukuwepo yalipokuwa yanaandikwa. Waliorudi kutoka Tanzania wanalijua hilo kuliko mimi. Kufika mahali, kukanyaga, kuuliza maswali na kusaini kitabu cha wageni ni namna mojawapo ya kuwa raia wa nchi nzima.

Basi wakuu wa shule za Nyanza-Lac na Rumonge, maimamu, mapadri na wachungaji, viongozi wa vyama vya wavuvi na kina mama wa mawese: iteni kikao kimoja mwezi huu. Andikeni majina, wekeni wazee na watoto kwenye orodha moja, chagueni mweka hazina ambaye watu wanamwamini, na mwandikieni barua mkuu wa tarafa kabla mvua hazijaanza kupungua, ili ada na kiongozi viwe vimejulikana mapema. Orodha ya Kabonga imeshaanza, na jina la kwanza juu yake ni la bibi muanika ndagala. Nafasi 14 ziko wazi.